Beringi za EJ20 ya tabo: isome ya zamani kabla hujanunua mpya

Injini ya Subaru EJ20 yenye tabo (tabochaja) ikinoki, yaani ikianza kugonga kwa ndani, simu ninayopigiwa huanza karibu kwa maneno yaleyale: "Fundi, ninunue beringi gani? Nataka zile za mashindano, isinirudie tena." Nami humuuliza kwanza: zile zilizotoka ziko wapi? Mara nyingi zimeshatupwa, au zimechanganywa kwenye ndoo moja na bolti, gasketi na oili chafu. Hapo tumeshapoteza shahidi. Beringi mpya, hata iwe ghali vipi, haiondoi kitu kilichoua ile ya kwanza. Kitu hicho kikibaki ndani ya injini, utarudi kwangu baada ya kilomita elfu mbili na pesa imekwenda.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na dalili, unapita kwenye beringi mbovu, ndipo unafika dukani. Nazungumzia EJ20 kwa sababu ndiyo ninayoifungua kila mwezi, ila mengi yanafaa pia kwa EJ25, na hata kwa injini za tabo za Toyota na Nissan.

Kwanza elewa kinachobeba kranki

Kranki, mhimili mkuu wa injini, kwenye EJ ina shingo tano za meni (pale inapokaa ndani ya bloku, mwili wa injini) zenye kipenyo cha milimita 60, na shingo nne za konrodi (mikono inayoiunganisha na pistoni) zenye milimita 52. Kila shingo imezungukwa na beringi, vibati viwili vya nusu duara. Injini ikiwa inazunguka, kranki haitakiwi kuigusa beringi hata kidogo. Inaelea juu ya utando wa oili. Utando huo unaishi ndani ya nafasi ndogo sana: kwa konrodi za EJ ya tabo, kiwanda kinataka kati ya 0.017 na 0.045 mm. Unywele wa kichwani mwako ni mnene kuliko hapo. Pampu ya oili kazi yake ni kuileta oili mpaka pale tu. Kinachoinyanyua kranki ni mzunguko wenyewe unaoivuta oili iingie pembamba na kuwa kama kabari. Ukilishika hilo, utaona kwamba kila tatizo hapa chini ni namna moja au nyingine ya utando huo kukatika.

Dalili: inagonga

Si kila mlio ni beringi, na nimeona watu wakishusha injini nzima kwa sababu ya bati la eksozi lililolegea. Sikiliza mlio unakuja lini.

Ukiwa mkubwa injini ikiwa ya baridi, kisha ukapotea ikipata moto, huo mara nyingi ni pistoni inayogonga ukuta wa silinda. EJ zinajulikana kwa hilo, kwa kuwa pistoni zake ni fupi na zimelala. Beringi ya konrodi hufanya kinyume: asubuhi imetulia, oili ikipata moto na kuwa nyepesi ndipo inaanza. Ipandishe mpaka RPM 2,500 hivi, ishikilie hapo, halafu achia mafuta kidogo. Ukisikia tok-tok-tok kali na ya haraka wakati mguu unaachia, hiyo ni konrodi. Sasa chomoa waya wa koili ya silinda moja kwa wakati. Silinda ambayo ukiizima mlio unapungua au unabadilika, ndiyo yenye ugonjwa.

Meni hailii hivyo. Ni mdundo mzito wa chini, unausikia miguuni zaidi kuliko masikioni, na hutokea injini ikibeba mzigo, kama gari ikipanda mlima kwa gia kubwa.

Ukishajua ni konrodi, zima na uite gari la kuvuta. Usiseme "nifike nyumbani tu." Konrodi iliyolegea ikikatika hutoboa bloku, na bloku ya EJ iliyotobolewa haina dawa.

Dalili: shinikizo la oili linashuka

Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi isikudanganye. Huwaka shinikizo likiwa limebaki karibu na sifuri, na wakati huo beringi zimeshaumia. Funga geji ya kweli ya mkono mahali pa swichi ya oili, pasha injini moto, kisha soma. Kanuni ya zamani ya mafundi ni psi 10 kwa kila RPM 1,000. Ukiwa RPM 4,000 na geji inakuonyesha psi 25 injini ikiwa ya moto, usiondoke.

Lakini kabla hujailaumu beringi, angalia pampu. Kwenye EJ, bamba la nyuma la pampu ya oili limeshikwa na skrubu, na skrubu hizo zina tabia ya kulegea. Zikilegea, shinikizo linavuja ndani kwa ndani. Nyingine ni bomba la kunyonyea oili ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini): hupasuka kwenye maungio yake, na pampu inaanza kunyonya hewa badala ya oili. Ufa wenyewe unaweza kuwa mwembamba kiasi kwamba huuoni mpaka usafishe bomba kwa petroli na kulimulika. Mimi kwenye injini ya tabo silirudishi bomba la zamani, hata likionekana zima.

Kisha kata filta. Si kuitoboa, ni kuikata kwa kikata mikebe, uikunjue karatasi na kuiweka juani. Pitisha sumaku. Vinavyoshikwa ni chuma. Vinavyobaki viking'aa kama vumbi la fedha vimetoka kwenye beringi au pistoni. Ukiona rangi ya shaba, tabaka la juu la beringi limekwisha na unakula la kati.

Sasa fungua, na upange

Chukua kipande cha kartoni, andika namba za silinda 1 mpaka 4 na meni 1 mpaka 5, na kila nusu ya beringi iiweke mahali pake, uso ukiangalia juu. Kwa konrodi andika juu (upande wa pistoni) na chini (upande wa kofia, kile kipande kinachofungwa kwa bolti). Kwa meni andika kushoto na kulia, kwa sababu bloku ya EJ imepasuliwa wima katikati, na beringi za meni zinakaa pande mbili za kranki badala ya juu na chini. Kartoni hiyo ni ya thamani kuliko picha yoyote utakayonitumia.

*Mikwaruzo inayofuata mzunguko, na vipunje vimezama kwenye uso.* Huu ni uchafu, na ndio ninaoukuta zaidi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Ukiuona kwenye injini iliyofungwa upya karibuni, uchafu uliachwa na fundi: vumbi la kuhoni (kusugua kwa jiwe) silinda, mchanga wa kupulizia sampo, au chuma cha beringi zilizokufa mwanzo.

Hili lilinipata mwenyewe. Nilifunga EJ20 ya kijana mmoja anayeendesha mbio za vilima, kila kitu kipya, nikapima kila shingo mara mbili. Baada ya wiki tatu ikagonga tena. Nilipofungua, beringi zote nne za konrodi zilikuwa na vipunje vya shaba vilivyozama, ambavyo havikuwa vyake. Nilikata kipozeo cha oili, kile kidogo kinachokaa juu ya filta, kwa msumeno. Ndani ya vijia vyake kulikuwa na tope la chuma la injini ya kwanza. Nilikuwa nimekiosha kwa petroli na kukipuliza kwa kompresa, nikaamini kimetoka safi. Hakisafishiki. Tangu siku hiyo, injini ikinoki, kipozeo cha oili kinatupwa, bomba la oili la tabo linabadilishwa, vichujio vidogo ndani ya bolti za njia za oili vinatolewa, na bloku inatolewa plagi zake zote ili njia za oili zisuguliwe kwa brashi ndefu na maji ya moto yenye sabuni, kisha zipulizwe. Mteja asiyetaka kulipia hayo, kazi yake siipokei. Yule kijana nilimfungia mara ya pili kwa gharama yangu.

*Uso umefutika, umeng'aa, shaba inaonekana, na pengine umebadilika rangi kuwa bluu au nyeusi.* Oili haikufika. Uliza kuhusu stiki ya oili. EJ ya tabo hula oili, na mwenye gari anayepima mara moja kwa mwezi anaweza kuendesha ikiwa imepungua lita moja na zaidi. Kwenye kona ndefu ya kasi, oili iliyobaki inakimbilia upande mmoja na bomba linabaki wazi. Anayekwenda mbioni anahitaji sampo yenye vizuizi ndani. Beringi ya bei kubwa haitamsaidia hapo.

*Nusu ya juu ya konrodi imepondeka au ina nyufa ndogondogo kama tope lililokauka, na nusu ya chini ni nzima.* Huu ni mzigo. Nusu ya juu ndiyo inayopokea kishindo cha mwako. Petroli ikilipuka kabla ya wakati wake, kila mlipuko ni nyundo juu ya beringi. Injini nyingi za STI (Subaru za michezo) za Japan zilipangwa kwa petroli ya kwao yenye oktani karibu 100. Ukiileta huku, ukaongeza presha ya tabo bila kurekebisha kompyuta, unajiandalia hilo. Hapa beringi ngumu zaidi inasaidia kweli, lakini ni baada ya kurekebisha muda wa cheche na mafuta.

*Imeliwa ukingo mmoja tu.* Konrodi imepinda, au shingo imechongwa ikawa na umbo la koni. Inawezekana pia mchongaji aliacha kona pana mno pale shingo inapokutana na ukuta wa kranki, na beringi ikawa inapanda juu ya kona hiyo. Beringi nyingi za mashindano zimechongwa ukingo kwa sababu hiyo. Zikague kwa mwanga: ziweke shingoni na uangalie kama ukingo unagusa.

*Mgongo wa beringi unang'aa.* Ilikuwa inacheza ndani ya nyumba yake. Tundu la konrodi limekuwa kubwa au limepoteza duara. Usiweke beringi mpya humo mpaka konrodi ipimwe na ichongwe upya, au ibadilishwe.

*Beringi ya kuzuia kranki isisogee mbele na nyuma imekwisha upande mmoja.* Kwenye EJ za awali iko meni ya tatu, za baadaye iko meni ya tano. Muulize dereva kama huwa anapumzisha mguu juu ya klachi, na ni klachi gani imefungwa. Klachi yenye sahani nzito huisukuma kranki mbele kila unapoikanyaga.

*Uso umefifia, una mashimo madogo kama kutu.* Chunguza historia ya oili: kulanti (maji ya kupozea) imeingia kupitia gasketi ya silinda hedi, au petroli imechanganyika na oili kwa sindano zinazovuja.

Beringi ipi, basi

Zipo familia mbili. Ya kwanza ina matabaka matatu: mgongo wa chuma, katikati shaba iliyochanganywa na risasi, na juu kabisa utando laini mwembamba sana, kama mikroni 12 hivi (0.012 mm). Inabeba mzigo mkubwa, na ule utando wa juu unasamehe kranki na beringi zikigusana kidogo. Tatizo ni kwamba utando huo ukiisha, umeisha. Ya pili ina mgongo wa chuma na tabaka nene la aluminiamu. Inameza uchafu vizuri zaidi, inadumu miaka kwenye gari la kazi, lakini chini ya tabo yenye presha kubwa huchoka mapema.

Kwa EJ inayotoa nguvu ya kiwandani na kwenda ofisini, sina neno na aluminiamu bora. Kwa injini iliyoongezwa presha au ya mbio, nachukua matabaka matatu: ACL Race kutoka Australia, King XP, au Clevite za herufi H. Nimezifunga zote na sijaona sababu ya kugombana juu ya jina. Ninachogombania ni kipimo, na pia kwamba iwe halisi. Boksi likiwa na chapa iliyofifia na beringi hazina alama mgongoni, rudisha.

Usinunue kabla kranki haijapimwa. Kama shingo zimekwaruzika na lazima zichongwe, utahitaji beringi za kuongeza 0.25 mm. Kumbuka pia kranki iliyotiwa ugumu wa juu kwa nitrojeni inapoteza ngozi hiyo ikichongwa sana. Kwa injini ya nguvu, kama mkwaruzo unashika ukucha, mimi natafuta kranki nyingine iliyo kwenye kipimo cha asili.

Nafasi ya oili: hapa ndipo injini inapopona au kufa

Kanuni ya mafundi wa injini za mbio ni inchi 0.001 kwa kila inchi ya kipenyo cha shingo. Shingo ya konrodi ya EJ ni kama inchi mbili, kwa hiyo unapata inchi 0.002, yaani 0.05 mm. Karakanani kwangu, kwa EJ ya nguvu inayotumia oili ya 10W-40 au 5W-40, nalenga konrodi 0.045 mpaka 0.060 mm, na meni 0.030 mpaka 0.040.

Kwa nini meni ibane zaidi na ilhali ni kubwa? Bloku ni ya aluminiamu, kranki ni ya chuma. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Piga hesabu: kipenyo cha mm 60, joto likipanda kwa nyuzi 70 kutoka karakanani hadi njiani, tofauti ya kutanuka inafika karibu 0.046 mm. Kwenye injini halisi haifiki yote, lakini meni uliyoifunga kwa 0.060 ikiwa ya baridi inaweza kuwa karibu 0.1 ikiwa ya moto, na oili yote inamwagikia hapo kabla ya kufika konrodi. Konrodi ni chuma juu ya chuma, kwa hiyo nafasi unayoipima mezani ndiyo utakayokwenda nayo barabarani. Hili wengi hawaambiwi, wanafunga meni na konrodi kwa namba moja, halafu wanashangaa shinikizo linazama.

Pima kwa maikromita na geji ya tundu. Plastigeji, ule uzi wa plastiki unaopondwa kati ya shingo na beringi ili upime nafasi, inakuambia kama umekosea sana, lakini haikuambii kama shingo ina umbo la yai. Funga kofia kwa bolti zilizobanwa kwa kipimo kamili, beringi ikiwa ndani, kisha pima nyuzi 90 kutoka pale nusu mbili zinapokutana. Usipime kwenye maungio: beringi imepunguzwa unene pale makusudi, na utapata namba kubwa ya uongo. Pima shingo mahali panne. Kama shingo ni 51.990 na tundu ni 52.036, nafasi yako ni 0.046. Iandike kwenye kartoni. Na kranki, bloku na vipimo vyako vilale chumba kimoja usiku kucha kabla ya kupima. Kranki iliyotoka juani inadanganya.

Nafasi ikiwa ndogo, usisugue beringi kwa msasa. Watengenezaji wengi wana beringi zenye alama X, ambazo zinaongeza nafasi ya 0.025 mm. Ukitaka nusu ya hapo, weka nusu moja ya kawaida na nusu moja ya X kwenye konrodi hiyohiyo, na ufanye mpangilio uleule kwenye konrodi zote nne. Nafasi ikiwa kubwa, usitafute dawa kwenye oili nzito. Rudi kwenye kranki.

Kufunga, na dalili za injini mpya

Mgongo wa beringi na nyumba yake viwe vikavu kabisa, bila oili na bila unyuzi wa kitambaa. Nywele moja nyuma ya beringi inaiinua mbele yake na kuila nafasi yote uliyoipima. Uso wa mbele upake oili ya kufungia. Hakikisha tundu la oili la beringi ya meni limekaa juu ya tundu la bloku. Tia sindano nyembamba ujue. Kofia za konrodi zisibadilishane.

Kabla ya kuwasha, toa plagi zote za cheche, toa fyuzi ya pampu ya petroli, na uzungushe kwa stata mpaka geji ipande. Injini ikigoma kupandisha shinikizo, simama. Pampu haijajaa, au kuna plagi ya njia ya oili iliyosahaulika.

Ikiwaka na kugonga mara ileile, zima. Nusu mbili zimebadilishana au kofia imegeuzwa. Ikigonga baada ya siku chache, ni uchafu, na umeshajua pa kutafuta. Ikiwa kimya lakini shinikizo liko chini tangu mwanzo, rudi kwenye namba za meni ulizoandika kwenye kartoni, kisha kwenye skrubu za pampu.

Badilisha oili na filta baada ya kilomita 50, kisha 500. Kila mara ikate ile filta na uianike. Mara ya kwanza utaona vumbi kidogo la kijivu la pete za pistoni, na hilo ni sawa. Mara ya pili karatasi inapaswa kuwa safi.